Homa ya Pili

Senge Wilkista Nekoye alikaa na swali moja kwa miaka kumi na moja. Senge ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita dada ya baba, na huyu wangu alikuwa mwanamke mfupi, mikono imechubuka kwa sabuni, mdomo haujui kunong'ona. Siku alipopata jibu la swali lake alipiga kelele mpaka karani wa hospitali ya Kitale akaja mbio akidhani mtu ameumwa na nyoka. Lakini nianze mwanzo.

Mwaka wa 1937, huko Kimilili chini ya Mlima Elgon, mtoto wake wa kwanza alishikwa na surua. Aliitwa Wanjala, ana miaka mitatu. Siku saba alilala ndani, mlango umefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza macho, vipele vimemjaa kuanzia nyuma ya masikio hadi miguuni. Kisha vipele vikafifia, homa ikashuka, na asubuhi moja akaomba ndizi. Mukhisa, mume wa Senge, alifurahi akachinja jogoo. Senge akamwogesha mtoto, akamketisha uani kwenye jua. Majirani wakaja, wakala, wakamshukuru Mungu.

Siku ya nne baada ya jogoo kuliwa, homa ilirudi. Wanjala akawa anahema haraka haraka, pua zikipanuka, mbavu zikizama kila anapovuta pumzi. Kesho yake adhuhuri alikufa.

Watu walikuwa na maelezo yao. "Surua imerudi ndani," walisema. Na wengine wakaongeza kwa ile sauti ya chini ambayo inakusudiwa isikike: "Si ni yeye alimwogesha na maji baridi?" Maji yalikuwa ya vuguvugu. Senge aliyachemsha mwenyewe, akayapima kwa kiwiko. Lakini ukishasemwa umesemwa. Alichouliza yeye, tangu siku ya matanga, kilikuwa hiki: surua ilikuwa imekwisha, mtoto alikuwa amekula ndizi mbili nzima, sasa ni nini kilichomuua? Alimwuliza mchungaji. Alimwuliza mama mkwe. Alimwuliza hata fundi wa baiskeli, kwa sababu fundi huyo aliwahi kufika Kampala. Hakuna aliyemjibu.

Baadaye Mukhisa alipata kazi ya kulima na maksai katika shamba la mzungu upande wa Kitale, na baba yangu akamfuata. Ndivyo tulivyokuwa watu wa laini, maana hivyo ndivyo tulivyoziita nyumba za wafanyakazi, safu mbili za nyumba za duara zilizoezekwa kwa nyasi. Tulikaa Wabukusu, Wakikuyu na Wanandi, na watoto wetu wakacheza wakatukanana kwa lugha zote. Vita vya Wajerumani vilipokwisha, mwenye shamba akajenga chumba cha mabati, akakiita zahanati. Akamwajiri Kinyua.

Kinyua alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakahamia Trans Nzoia, naye alikuwa amerudi kutoka Burma, alikowahudumia askari wagonjwa katika jeshi. Mtu mrefu, kimya, nguo zake zimepigwa pasi hata siku ya matope. Alihitaji mtu wa kufua bendeji na kuchemsha vyombo. Senge akaomba kazi hiyo, akapewa.

Siku moja aliletwa mlimaji mmoja, Gicheru, mguu umevimba mpaka vidole havionekani. Funza walikuwa wamemla. Kinyua aliwatoa kwa sindano, akaosha mashimo, na usaha uliotoka ulijaza karai dogo. Senge alisimama na karai mkononi.

"Dresa," akasema, "funza ni mdogo kama chembe ya wimbi. Usaha huu wote ni wake?"

"Hapana, mama," Kinyua akajibu bila kuinua macho. "Funza ametoboa ngozi tu. Usaha umeletwa na wadudu wengine, wadogo hata jicho haliwaoni. Wako kwenye ngozi yako na yangu, wako kwenye vumbi. Ngozi ikiwa nzima hawana pa kupita. Ikitoboka, wanaingia."

"Kwa hivyo Gicheru anaumwa magonjwa mawili."

"Mawili. La kwanza ndilo lililofungulia la pili njia."

Senge aliweka karai chini. Sufuria ya bendeji ikachemka ikamwagika ikazima moto, naye hakuona. Jioni alipokuwa akipika ugali alimwambia Mukhisa, "Kuna kitu kilimwingia Wanjala baada ya surua. Surua ilitoboa mahali." Mukhisa aliacha kula.

Basi mwaka wa 1948, mwezi wa sita, surua ikaingia katika laini. Ilianza nyumba ya mwisho karibu na mto, na ndani ya wiki mbili kila nyumba ya tatu ilikuwa na mtoto amefungiwa. Kinyua alipita akiwaomba wazazi wawalete watoto zahanati. Wapi! Mtoto wa surua hatolewi nje, hapewi dawa ya hospitali, hatazamwi na wageni. Hayo yalikuwa ni mafunzo ya makabila yote matatu, na ni jambo la nadra sana sisi kukubaliana.

Senge lakini hakuwa mgeni. Alikuwa jirani. Aliomba daftari moja kwa Kinyua na akaanza kuingia nyumba hadi nyumba baada ya kazi. Kusoma na kuandika alijifunza katika darasa la kanisa la Marafiki kule Kimilili, kwa hivyo herufi zake zilikuwa kubwa na nzito, kila jina likichukua mstari mzima. Aliandika jina la mtoto, siku vipele vilipotoka, siku homa iliposhuka. Ikiwa homa imerudi, aliandika siku hiyo pia. Ikiwa mtoto amefariki, aliweka msalaba.

Wiki ya tatu daftari lilikuwa na misalaba minne. Senge aliketi kwenye ngazi ya zahanati akasoma kurasa zake, akarudi mwanzo, akasoma tena. Halafu akaingia ndani ghafla. Kinyua alikuwa ameshika kisu, anataka kupasua jipu la mzee mmoja.

"Acha jipu, Dresa. Njoo uone."

"Mama, nina mtu hapa."

"Jipu litangoja. Si limengoja wiki nzima? Njoo!"

Mzee mwenye jipu mwenyewe akasema nenda, mwanangu, nenda, maana alifurahi kuahirishiwa kisu. Kinyua akachukua daftari. Senge alimwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Watoto wote wanne walikuwa wameondokewa na vipele. Wote wanne homa yao ilikuwa imeshuka. Hakuna hata mmoja aliyekufa wakati surua yenyewe ikiwaka. Homa ilirudi siku ya tatu, ya nne, ya nne, ya tano, na baada ya hapo mtoto hakumaliza siku mbili.

"Walikuwa wanahema namna gani?" Kinyua akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Senge akamwonyesha. Alihema kwa kifua chake mwenyewe, haraka haraka, akipanua pua, kama alivyomwona Wanjala akihema.

Kinyua akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. "Hii si surua iliyorudi ndani. Hii ni kichomi. Nimeiona Burma! Askari anapata mafua makali, analala siku tano, anapata nafuu, anaomba sigara. Tunafurahi. Kesho kutwa kichomi kinampiga. Mafua hayakumuua. Yalimlainisha tu."

"Na hao askari walikufa?"

"Mwanzoni walikufa. Halafu zikaja dawa za salfa."

"Salfa ziko wapi?"

Kinyua alinyoosha mkono akafungua kabati. Chupa ilikuwa pale pale, nyuma ya iodini. Vidonge vyeupe, vya kuwapa watu wazima wanaoshikwa na kichomi msimu wa mvua. Miezi yote hiyo Senge alikuwa akipangusa vumbi kwenye chupa ile kila Jumamosi.

"Lakini mama," Kinyua akasema, "dawa hii lazima ianze mapema. Wazazi wakimleta mtoto ameshageuka rangi midomo, nitafanya nini?"

"Tusingoje waletwe!" Senge alikuwa amesimama, anapiga daftari kwa kiganja. "Haya maandiko yanasema siku. Homa ya pili haiji ovyo ovyo. Kila nyumba ambayo vipele vimekwisha, mimi napita asubuhi na jioni, siku kumi. Tutaikuta ikipiga hodi!"

Ilibaki shida ya kutambua. Kinyua alihesabu pumzi kwa saa yake ya mkononi, lakini saa ilikuwa moja na hakuweza kuondoka zahanati. Senge aliwaza siku nzima, na jibu akalipata mahali pasipo na saa. Aliwaona watoto wawili wa jirani wamelala mkekani kivulini, matumbo wazi, mmoja amepona surua wiki nyingi zilizopita na mwingine hajaugua. Matumbo yalipanda na kushuka karibu pamoja. Kuanzia hapo, kila nyumba aliyoingia, alimwomba mama amlaze mgonjwa kando ya mtoto mzima wa umri wake, akayatazama matumbo mawili. Tumbo la mmoja likipanda mara mbili wakati la mwenzake limepanda mara moja, Senge alimbeba yule mtoto mgongoni bila kungoja ruhusa.

Wa kwanza kubebwa nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka minne, na kilichobaki kichwani mwangu ni ladha ya kidonge tu. Mengine nimesimuliwa na mama yangu, Rispah, ambaye mpaka uzee wake aliisimulia kama kesi aliyoshindwa kwa haki. Vipele vyangu vilikuwa vimekwisha siku nne. Senge akaingia asubuhi, akanilaza kando ya mtoto wa Nyaguthii, jirani yetu, akatazama.

"Huyu naenda naye."

"Unaenda naye wapi, wifi? Mtoto amepona. Ana joto kidogo tu."

"Wanjala pia alikuwa na joto kidogo tu."

"Wewe usinitajie wafu ndani ya nyumba yangu!" Mama akasimama mlangoni. "Ati unataka kumtoa nje kwenye upepo, apigwe na baridi, halafu watu waseme mimi ndiye niliyemwua?"

Senge, ambaye kwa kawaida angepandisha sauti, aliishusha. "Rispah. Hayo maneno ya maji baridi nimeyabeba tangu mwaka wa thelathini na saba. Sitaki uyabebe. Lakini ukinizuia hapa, utabeba mengine mazito zaidi. Nipishe, dada yangu. Au njoo na sisi."

Mama akaja, analia, mikono kichwani, nusu ya laini ikimfuata.

Kinyua aliweka sikio kifuani mwangu upande wa kulia, akakisikiliza kwa muda mrefu. Alisaga kidonge, akakichanganya kwenye uji, wakanishika pua nikameza. Maji pia, kikombe baada ya kikombe, kwa sababu salfa bila maji mengi huumiza figo. Kila baada ya saa kadhaa wakarudia. Kesho yake mchana, mama yangu akiwa amenipakata, akahisi kanga yake imelowa. Alidhani nimekojoa. Lilikuwa jasho. Nilikuwa nimetota, na paji la uso limepoa. Nikafungua macho nikamwuliza Kinyua kwa nini anavaa viatu ndani ya nyumba.

Senge alitoka nje akiruka. Hilo wote walilishuhudia. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mke wa mtu, muumini wa kanisa, anaruka uani kama mbuzi aliyefunguliwa, anapiga vigelegele, anamwita Mukhisa aliye mbali shambani na maksai: "Imeshuka! Mukhisa we! Homa ya pili imeshuka!"

Baada ya hapo milango ilifunguka. Nyaguthii alimleta binti yake Wangu, wa miaka tisa, yeye mwenyewe, bila kuitwa. Wakaletwa wengine watatu. Lakini nisiseme uongo kwamba wote walipona. Chepkorir, mama Mnandi wa nyumba ya mtoni, alimleta mtoto wake mchanga mapema kabisa, alipewa salfa kama sisi, na bado alikufa siku ya tatu. Senge alikwenda kwa Chepkorir akakaa naye chini mavumbini kuanzia asubuhi hadi jua likapinda. Aliporudi zahanati alikuwa na swali jipya: dawa ni ile ile, kichomi ni kile kile, kwa nini huyu ameenda?

"Sijui," Kinyua akasema. "Na chupa imebaki na vidonge sita."

Akapanda baiskeli kwenda Kitale, maili kumi na mbili za matope. Katika hospitali ya huko alimkuta daktari kijana, Mhindi, aliyemsikiliza huku akisaini karatasi, mpaka aliposikia habari za daftari. Kalamu ikasimama. Akampa Kinyua chupa mbili, na kichupa kidogo kitupu. "Niletee makohozi ya mmoja wao," akasema. "Na uniletee huyo mama na daftari lake."

Ndipo Senge akapanda lori la pareto pamoja na Kinyua kwenda Kitale, amevaa gauni lake la kanisa, daftari limefungwa kwenye leso, na mkononi kichupa chenye makohozi ya Wangu. Alikishika njia nzima kama anayebeba yai.

Daktari alisoma daftari lote kwa kusimama. Kisha akapaka makohozi kwenye kioo, akayapitisha juu ya moto, akayatia rangi, akayaosha, na kukiweka kioo chini ya mashine nyeusi iliyosimama mezani karibu na dirisha. Kinyua alimnong'oneza Senge kwamba hiyo ndiyo hadubini, nayo hufanya kitu kidogo kuwa kikubwa mara mia nyingi.

"Funga jicho moja, mama. Tazama na lingine."

Kwanza aliona giza tu, ambalo lilikuwa kope zake mwenyewe. Halafu mwanga. Halafu, katika mwanga ule, vitu vya zambarau, vidogo, vya mviringo, vimelala viwili viwili kama mbegu za wimbi alizozipanga mtoto mchezoni. Vingi, vingi, kila pembe.

"Hawa ndio..."

"Hao ndio wanaoleta kichomi," daktari akasema. "Wale wa surua wenyewe hutawaona hapa. Ni wadogo mno, hata mashine hii inashindwa nao."

Senge alitazama mpaka shingo ikamuuma. Kisha akainuka akauliza, na Kinyua aliniambia miaka mingi baadaye kwamba yeye mwenyewe, pamoja na masomo yake yote, hakuwa ameuliza: "Hawa walitoka wapi? Surua imetoka nyumba ya mtoni, sawa, tuliiona inatembea. Na hawa je? Nani aliwaleta?"

Daktari akatabasamu. Akampa kipande cha kioo. "Kohoa, mama. Toa yako."

"Mimi si mgonjwa."

"Ndiyo maana nakuomba."

Akakohoa, akaona haya, akakohoa tena. Daktari akapaka, akachoma, akatia rangi. Wakangoja ikauke. Daktari akatazama kwanza, akasogeza kioo huku na huku, akapisha. Senge akafunga jicho.

Safari hii hawakuwa wengi. Palikuwa na takataka nyingine za kila umbo. Lakini pale kando, na kule, wamelala wawili wawili.

Hapo ndipo alipopiga ile kelele.

"Wako kwangu! Dresa, wako kwangu! Wanakaa kwangu na mimi nafua nguo, nakula, naimba!" Karani akaingia mbio. Senge alimshika mkono mtu wa watu akamvuta hadi mezani. "Tazama, baba, na kwako watakuwepo! Hawakuletwa na mtu! Walikuwa kooni mwa mtoto siku zote!"

Daktari alicheka mpaka akafuta miwani. Kisha akaeleza taratibu, Kinyua akisaidia pale Kiswahili kilipokwama. Watu wengi wazima wana wadudu hao puani na kooni na hawaugui, kwa sababu mwili una ulinzi. Njia ya hewa ina ngozi laini ya ndani inayowasukuma nje, na damu ina askari wake. Surua inachubua ngozi ile, inawachosha askari hao kwa wiki kadhaa. Vipele vinaondoka, mama anafurahi, lakini ndani mlinzi bado yuko chini. Ndipo wakaaji wa kooni wanateremka mapafuni. Ugonjwa wa kwanza unatoka, wa pili unaingia kwa mlango ule ule.

"Kama Gicheru na funza," Senge akasema.

"Sijui Gicheru ni nani," daktari akajibu, "lakini kama ni tundu na usaha, ndiyo, ni hivyo hivyo."

Senge akauliza kuhusu mtoto wa Chepkorir. Daktari alisema mara nyingine surua yenyewe hushuka ikaharibu mapafu bila msaada wa wadudu hawa, hasa kwa wachanga, na salfa haiwezi kuigusa surua. Mara nyingine wadudu ni wa aina nyingine. "Hatuna dawa ya kila kitu, mama. Mwambie mama yake alifanya vizuri kumleta."

"Nitamwambia." Senge alikunja leso, akaikunjua. "Na maji? Mtoto akiogeshwa vipele vikishaisha?"

"Maji gani?"

"Ya kuoga. Ya vuguvugu."

"Maji hayaleti hawa," daktari akasema, asijue anajibu nini. "Mwogeshe kabisa. Usafi ni mzuri."

Kinyua alisema Senge alitoka nje akaketi kwenye ukuta mfupi wa hospitali, akalia na kucheka kwa pamoja, watu wakipita na vikapu vyao vya sokoni wakimwamkia naye akiwaitikia wote kwa furaha, habari za asubuhi, nzuri sana, nzuri sana.

Surua ile ilimalizika mwezi wa nane. Tangu daftari lianze kutumika kwa kuwawahi, watoto tisa walipata homa ya pili na wanane wakapona. Senge alimpelekea Chepkorir maneno ya daktari siku ile ile aliyorudi, kabla hajavua gauni la kanisa. Kwa Mukhisa hakuhitaji kusema mengi. Alimwambia tu kuhusu maji, na Mukhisa, mtu wa maneno machache, akasema, "Mimi sikuwahi kuamini," akaenda kuwafungua maksai.

Mwaka wa 1952 walirudi Kimilili, wakajenga, wakalima mahindi na kahawa kidogo. Senge hakuwa na cheo chochote wala cheti. Lakini mama yeyote aliyejifungua, mtu aliyeungua na moto, mtoto aliyetoka kwenye surua au kifaduro, alipitiwa na Senge, na kila mahali alisema jambo lile lile kwa sauti yake isiyo na mlango: ugonjwa ukiondoka, usimwondoe mgonjwa machoni. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa kilichochemshwa. Kitovu kisipakwe mavi ya ng'ombe. Homa iliyoshuka ikirudi, hiyo si homa ile, ni nyingine, na dawa yake iko zahanati. Alitembea mpaka Naitiri kwa miguu kuwaambia akina mama wa huko. Wengine walimchoka. Alijua, akaendelea.

Halafu ukaja mwaka wa 1957, na ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka nchi nyingi. Kimilili ililala. Shule zilifungwa. Wengi walipona kwa wiki moja, na mmoja wao alikuwa Festus, mzee wa kanisa letu, mtu wa miaka sitini na mitano, mwenye kiburi cha afya yake. Jumapili ya kwanza baada ya kuamka alipanda mimbarini kutoa shukrani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeketi kando ya Senge. Mzee Festus alisoma andiko, akaanza kuhubiri. Baada ya muda nikaona Senge hasikilizi. Anamtazama kifua. Kisha akamtazama mchungaji aliyeketi nyuma ya Festus, mtu wa umri huo huo. Kisha Festus tena. Nikajua anafanya nini, nikatamani sakafu inimeze.

Akasimama. "Mzee Festus, samahani. Shuka."

Kanisa zima likageuka.

"Mama Wanjala," Festus akasema, akitafuta pumzi kati ya maneno, "keti. Hii ni... nyumba ya Bwana."

"Najua ni ya nani. Homa imerudi lini?"

"Jana," akasema.

"Na ubavu unauma ukivuta hewa?"

"Kidogo. Upande huu."

Mke wake, aliyekuwa safu ya mbele, akapiga yowe kwamba hakuambiwa. Mzee mmoja akanguruma kuwa tangu lini mwanamke anakatiza ibada. Senge alikuwa ameshafika mimbarini, ameshamshika Festus mkono kama mtu anayemteremsha bibi harusi. Nje kulikuwa na gari la mwalimu mkuu, nalo likawashwa kwa kusukumwa na vijana wa kwaya wakiwa na majoho yao, likakohoa, likaondoka kuelekea Bungoma, Festus amelazwa kiti cha nyuma na Senge amejibana kando yake, dirisha wazi.

Siku hizo penisilini ilikwisha kufika. Walimchoma sindano asubuhi na jioni, siku sita. Senge alikaa huko siku mbili za kwanza, na muuguzi alitusimulia kwamba ilibidi wamfukuze wodini, maana alipita kitanda hadi kitanda akiwauliza wagonjwa wa mafua homa yao ilishuka lini.

Festus alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, fimbo mkononi. Jumapili hiyo alipanda mimbarini taratibu, akatazama watu, akamtafuta Senge kwa macho mpaka akamwona.

"Mama Wanjala," akasema, "leo nimemeza maji, nimelala vizuri, homa sina. Nipe ruhusa."

Watu wakaangua kicheko, hata yule mzee aliyenguruma. Senge alimtazama kifua kwa muda ambao sisi sote tuliuona mrefu mno.

"Endelea, Mzee," akasema. "Lakini fupisha."